Namna ya kupima mionzi kwenye visiwa vilivyojaribiwa mabomu ya nyuklia: mfano wa Visiwa vya Marshall

Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia katika Visiwa vya Marshall, karibu yote kwenye atoli mbili (atoli ni duara la visiwa vya matumbawe), Bikini na Enewetak. Kubwa kuliko yote lilikuwa Castle Bravo, tarehe 1 Machi 1954, lenye nguvu ya megatani 15. Majivu yake yaliwaangukia watu wa Rongelap na Utrik waliokuwa majumbani mwao. Mwongozo huu unawahusu mafundi, wanafunzi na mabaraza ya visiwa wanaotaka kupima kilichobaki ardhini, au kumwelewa anayekuja kuwapimia.

Jambo la kushika tangu mwanzo: kwenye visiwa hivi hatari kubwa haiko hewani, iko kwenye nazi. Udongo wa atoli ni matumbawe yaliyosagika. Hauna udongo wa mfinyanzi wa kuibana sesiamu-137 (dutu ya mionzi iliyoachwa na milipuko), na una potasiamu kidogo mno. Mnazi unatafuta potasiamu, na kwa kuwa sesiamu inafanana nayo kikemia, mizizi huifyonza badala yake. Strontiamu-90, dutu nyingine ya mionzi inayofanana na kalisiamu, haisumbui kiasi hicho, maana udongo wenyewe umejaa kalisiamu na mmea hauna njaa nayo. Watu wa Bikini walirudishwa kwao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya kuelezwa kwamba kisiwa kinakalika. Walikunywa madafu, wakala nazi na matunda ya mkadi, na vipimo vya miili yao vikapanda. Mwaka 1978 walihamishwa tena. Kwa hiyo kazi yoyote inayoishia kwenye kutembea na kifaa mkononi na kusoma namba za hewani ni nusu ya kazi, tena ile nusu ndogo.

Kabla ya kupanda boti

Ruhusa hutangulia. Ardhi ya Marshall imegawanywa katika weto, vipande vinavyokata kisiwa kutoka upande wa lagoni (maji ya ndani ya atoli) hadi upande wa bahari kuu. Kila weto ina alap, mkuu wa ukoo anayesimamia ardhi hiyo, na juu yake yuko iroij, yaani chifu mkuu. Zungumza na baraza la atoli, kisha na alap wa kila weto utakayochimba. Hii si adabu tu. Alap ndiye anayejua ni wapi nyumba za zamani zilisimama, wapi udongo wa juu ulikwanguliwa na kumwagiwa kokoto za matumbawe, na minazi ipi ilitiwa mbolea ya potasiamu. Usipoyajua hayo, vipimo vyako vitaonekana kama vurugu isiyo na maana.

Panga vituo vyako kwa kufuata weto, siyo kwa miraba iliyochorwa ofisini. Kwenye kila weto weka mstari mmoja kutoka lagoni hadi baharini, kituo kila mita 25 au 50. Ufukwe wa pande zote mbili kwa kawaida husomeka chini kwa sababu mawimbi yameusafisha, na katikati ya kisiwa, kwenye udongo mweusi wenye mboji, ndiko sesiamu ilikobaki zaidi. Ukipima karibu na gati peke yake utakuwa umepima sehemu safi kuliko zote.

Vifaa

Kwa mionzi ya gama ya hewani tumia kigunduzi cha fuwele ya sodiamu iodidi, sentimita 5 kwa 5. Vile vidude vya mfukoni vyenye mrija wa Geiger havifai hapa, na sababu ni hesabu tupu. Kwenye atoli safi, ambako matumbawe hayana urani wala thori ya maana, karibu mionzi yote ya asili inatoka angani, na kipimo huwa kama mikrosiveti 0.03 hadi 0.04 kwa saa (siveti ni kizio cha dozi, yaani mionzi inayoupata mwili). Mrija mdogo utakupa pengine midundo 15 kwa dakika. Kosa la kuhesabu ni mzizi wa mraba (kipeuo cha pili) wa midundo: wa 15 ni karibu 4, yaani kosa la robo nzima. Fuwele ya sentimita 5 itakupa midundo mingi zaidi kwa dakika hiyohiyo, na kosa linashuka hadi asilimia chache tu.

Sodiamu iodidi ina udhaifu wake. Inahesabu kupita kiasi mionzi yenye nishati ndogo, hivyo midundo haigeuki kuwa kipimo cha dozi moja kwa moja. Ilinganishe na chemba ya gesi iliyoshindiliwa (kifaa kinachosoma dozi yenyewe) kwenye vituo vitano sita vya kisiwa hichohicho, chora mstari wa uwiano, kisha utumie mstari huo kwa vituo vingine vyote. Uwiano ulioandikwa kiwandani ulipatikana kwa chanzo cha sesiamu maabara, siyo kwa sesiamu iliyozama ardhini sentimita kumi.

Chumvi, unyevu na joto ndivyo vinavyoua vifaa. Funga kigunduzi ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki pamoja na vijifuko vya kukausha unyevu. Usikitoe ghafla kwenye chumba chenye kiyoyozi na kukiweka juani, maana fuwele hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto, na ufa huo huonekana baadaye kama kilele kilichotanuka kwenye spektra (mchoro wa midundo kwa kila nishati). Kiache kizoee kivulini kwa saa moja au zaidi.

Vingine vya kubeba: chepe na sururu, mwiko wa fundi muashi, fremu ya chuma ya sentimita 20 kwa 20 yenye kina cha sentimita 5, mizani ya kilo 5 inayosoma gramu, chekeche la milimita 2, panga, kifuo cha kufulia nazi, mifuko minene ya plastiki, karatasi zisizolowa, penseli (wino hufutika kwa jasho), GPS, na vibati vya alumini vya kuwekea alama miti.

Kila asubuhi na kila jioni

Weka chanzo kidogo cha sesiamu-137 mahali palepale mbele ya kigunduzi na uhesabu dakika moja. Kisha kiondoe, hesabu tena. Andika yote mawili. Jibu likitofautiana na wastani wa siku ulizoanza kwa zaidi ya asilimia 10, simamisha kazi mpaka ujue sababu. Mara nyingi ni betri au joto: kadiri fuwele inavyopata joto, mwanga wake hubadilika na kilele cha sesiamu cha keV 662 (keV ni kizio cha nishati ya mwale) huhama kutoka mahali pake. Kama kifaa chako kinaonyesha spektra, angalia kilele kabla ya kuangalia namba.

Kupima hewani

Anza kwa kupata mionzi ya anga peke yake. Chukua boti ya mbao au ya faiba, nenda katikati ya lagoni mbali na ufuko, mahali penye kina cha mita tatu au zaidi, na uhesabu kwa dakika kumi. Maji yanazuia mionzi ya ardhini, kwa hiyo unachosoma ni anga pamoja na kifaa chenyewe. Namba hii ndiyo utakayotoa kwenye kila kipimo cha nchi kavu. Ukiiruka hatua hii utawabebesha watu wa kisiwa mionzi ambayo hata mvuvi aliye katikati ya bahari anaipata.

Nchi kavu, simamisha kigunduzi mita moja juu ya ardhi kwenye kiguu, siyo mkononi, kwa sababu mwili wako unakinga sehemu ya mionzi. Hesabu sekunde 60 mara tatu. Andika nambari ya kituo, weto, saa, na hali ya udongo. Mvua kubwa inalowesha udongo na maji hayo hupunguza kipimo, kwa hiyo usichanganye vituo vya kabla na vya baada ya mvua kwenye ramani moja bila kurudia kimojawapo. Chini ya minazi GPS inaweza kukosea mita kadhaa, hivyo andika na maelezo ya macho: hatua ngapi kutoka kwenye tangi la maji, upande gani wa njia.

Dozi ya mwaka inapatikana hivi: kama baada ya kutoa anga umebaki na mikrosiveti 0.05 kwa saa, zidisha kwa saa 8,760 utapata 438, yaani milisiveti 0.44. Lakini hakuna anayekaa porini saa zote. Pima ndani ya nyumba na uani pia, kisha gawa saa kufuatana na maisha ya watu wenyewe: kulala, kuvua, kukata mbata.

Udongo

Chimba shimo la kina cha sentimita 70, ukuta mmoja uwe wima. Chukua tabaka hizi: 0–5, 5–10, 10–15, 15–25, 25–40 na 40–60. Anza juu ukishuka. Kabla ya kila tabaka, kata ngazi na usafishe uso wake, kwa sababu chembe moja ya udongo wa juu ikianguka kwenye tabaka la chini itakuambia kwamba sesiamu imezama kumbe haikuzama. Futa mwiko kwa kitambaa chenye maji kila tabaka. Kosa hili ni la kawaida mno, na dalili yake ni mstari wa grafu unaoshuka taratibu kisha unapanda tena kwenye tabaka la mwisho.

Kwa tabaka la kwanza tumia fremu, ili ujue eneo kamili. Fremu ya sentimita 20 kwa 20 ni mita za mraba 0.04. Bekereli (bekereli moja ni kiini kimoja kinachooza kwa sekunde) kwa kilo, mara uzito mkavu wa tabaka, gawa kwa 0.04, unapata bekereli kwa mita ya mraba. Bila eneo, sampuli ya udongo haiwezi kulinganishwa na ya mwaka mwingine.

Kausha, pima uzito, chekecha, na pima pia kokoto zilizobaki juu ya chekeche. Usizitupe kabla ya kuandika uzito wake, maana kwenye atoli kokoto zinaweza kuwa sehemu kubwa ya sampuli, na zikisahaulika matokeo hupanda bila sababu.

Chakula: hapa ndipo pa kutulia

Chagua minazi ya kudumu, angalau mitano kwa weto, na uipigilie vibati vyenye namba. Rudia miti hiyohiyo kila mwaka. Miti miwili iliyopandwa jirani inaweza kutofautiana mara kadhaa, kwa hiyo ukiokota nazi popote utakuta “mabadiliko” ambayo ni tofauti ya miti tu. Usiokote zilizoanguka. Angua mwenyewe.

Tenganisha kwa hatua ya kukomaa: dafu, koroma na nazi. Sesiamu haigawanyiki sawa kati ya maji na nyama, na watu wa visiwa hawali hatua zote kwa kiasi kimoja. Chukua tano za hatua moja kutoka mti mmoja. Fua makumbi mbali na meza ya kazi kwa sababu yana vumbi la udongo, osha kifuu, osha mikono, kisha ndipo uvunje. Maji yachujwe kwenye chupa, nyama ikwanguliwe kwenye mfuko uliopimwa. Acha nafasi kwenye chupa na uigandishe siku hiyohiyo: maji ya dafu yakichacha hutoa gesi na chupa hupasuka njiani. Nyama ya nazi iliyokomaa hupoteza karibu nusu ya uzito ikikaushwa, kwa hiyo andika uzito mbichi na mkavu. Watu wanakula mbichi. Ripoti ikitoa bekereli kwa kilo kavu bila kusema hivyo, msomaji ataona chakula kibaya karibu mara mbili kuliko kilivyo.

Shelisheli, matunda ya mkadi na uwanga hufuata utaratibu huohuo, kila kimoja kwa namna kinavyoandaliwa mezani. Kaa wa nazi anastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa anakula nazi na kukusanya sesiamu mwilini. Msomaji wa Zanzibar anamjua kaa huyu kutoka Chumbe. Pima nyama na mafuta ya tumbo kando. Samaki wa lagoni kwa kawaida wana sesiamu kidogo, kwa sababu maji ya bahari yamejaa potasiamu inayoshindana nayo, lakini ondoa utumbo kabla ya kupima nyama, maana utumbo hubeba mchanga wenye plutoniamu.

Maabara

Kigunduzi cha jemaniamu kilichopozwa ndicho kinachofaa. Jaza chombo cha Marinelli (chenye tundu la kukivisha juu ya kigunduzi) cha nusu lita mpaka alama, usipungue usizidi, na tumia ulinganifu (kipimo cha kitu chenye mionzi inayojulikana) uliofanywa kwa chombo hichohicho na ujazo wenye uzito unaofanana. Ukipima nyama ya nazi kavu kwa ulinganifu wa maji, jibu linapinda.

Kabla ya kuanza, jua kiwango cha chini unachoweza kuona. Chukua midundo ya msingi chini ya kilele cha keV 661.7, tuseme 400 kwa sekunde 60,000. Mzizi wake ni 20, mara 4.65, ongeza 2.71 (namba za kanuni ya takwimu), unapata 95.7. Gawa kwa ufanisi, yaani sehemu ya miale inayonaswa na kigunduzi (0.02), kwa uwezekano wa kiini kinachooza kutoa mwale huo (0.851), kwa sekunde 60,000 na kwa kilo 0.5. Jibu ni bekereli 0.19 kwa kilo. Kitu chochote chini ya hapo andika “chini ya 0.19”, kamwe usiandike sifuri.

Angalia pia kilele cha potasiamu-40 kwenye keV 1460.8. Kila nazi ina potasiamu, na gramu moja ya potasiamu asilia hutoa bekereli 31 hivi. Kilele hicho kikikosekana, usilisifu dafu kwa usafi, kagua kifaa.

Tarehe ya kupima iandikwe daima. Sesiamu-137 hupungua kwa asilimia 2.3 kila mwaka kwa kuoza kwake peke yake, na mvua nayo huishusha hadi kwenye maji ya chini ya kisiwa.

Kugeuza bekereli kuwa dozi

Mtu mzima akila gramu 200 za nyama ya nazi kwa siku yenye bekereli 500 kwa kilo, anaingiza bekereli 100 kila siku, 36,500 kwa mwaka. Zidisha kwa milisiveti 0.000013 kwa bekereli: 0.47 kwa mwaka. Mahakama ya Madai ya Nyuklia ya Visiwa vya Marshall ilitumia kikomo cha milisiveti 0.15 kwa mwaka kwa ajili ya usafishaji, wakati kikomo cha kimataifa kwa raia wa kawaida ni milisiveti 1. Weka vyote viwili kwenye ripoti.

Usitumie bekereli 1,000 kwa kilo za Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kama ruhusa. Kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya biashara ya chakula kati ya nchi baada ya ajali, kikichukulia kwamba sehemu ya kumi tu ya mlo ndiyo iliyochafuka. Mkaazi wa atoli anayekula vya shambani kwake hayumo ndani ya dhana hiyo, na kumwambia nazi yake “imefaulu” kwa kipimo cha bandarini ni kumdhulumu.

Watu

Kiti cha kupimia mwili mzima, dakika 15 hivi kwa mtu, ndicho hakimu. Aoge na avae nguo safi kwanza, maana vumbi kwenye kanga au chini ya kucha huhesabiwa kama liko tumboni. Potasiamu-40 ya mtu mzima huwa karibu bekereli 4,000. Itumie kuhakiki kifaa.

Kwa mtu mzima, nusu ya sesiamu hutoka mwilini kwa siku 110 hivi. Anayekula bekereli 100 kila siku atatulia karibu na bekereli 16,000. Kiti kikisoma 3,000, maana yake anakula zaidi mchele, unga na nyama ya kopo kuliko ulivyodhani. Usikimbilie kufurahi: uliza meli ya mizigo ilikuja lini. Ikichelewa miezi miwili, watu hurudi kwenye nazi na vipimo hupanda. Ndiyo maana inafaa kupima mara mbili kwa mwaka panapowezekana.

Majibu apewe mwenyewe, kwa Kimarshall, na yasitajwe kwa jina mbele ya wengine.

Runit na kaskazini ya Enewetak

Hapa tatizo ni plutoniamu, ambayo kigunduzi cha kawaida hakiioni. Kwenye usafishaji wa 1977 hadi 1980 zaidi ya mita za ujazo 70,000 za udongo na vifusi zilimwagwa ndani ya shimo la mlipuko wa Cactus kisiwani Runit na kufunikwa kwa zege la sentimita 46. Chini ya shimo hakukuwekwa kizuizi. Ukipima maji ya visima karibu na kuba hilo, andika saa ya maji kujaa na kupwa, maana maji ya ardhini hupanda na kushuka pamoja na bahari.

Plutoniamu hutafutwa kwa kupitia amerisiamu-241, yenye mwale wa keV 59.5, kwa fuwele nyembamba ya sodiamu iodidi iliyoshikwa sentimita chache juu ya ardhi. Uwiano wa amerisiamu na plutoniamu lazima upatikane maabara kwa sampuli za kisiwa hichohicho. Usiazime wa kwingine. Mwaka 1958 mlipuko wa Quince ulioshindwa ulitawanya plutoniamu kwa vipandevipande, hivyo gramu moja ya udongo inaweza kuwa safi na ya pili yake kuwa kali. Saga kilo nzima iwe unga laini kabla ya kuchota. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi na glavu, usile wala kuvuta sigara, na usibebe kipande chochote cha chuma kama kumbukumbu.

Baada ya mbolea

Mbolea ya kloridi ya potasiamu ikimwagwa chini ya minazi, sesiamu kwenye nazi hushuka mpaka karibu sehemu ya kumi ya ilivyokuwa. Udongo wenyewe haubadiliki, kwa hiyo usitarajie kipimo cha hewani kishuke. Endelea na miti yenye vibati kila mwaka, acha michache bila mbolea kwa ulinganisho kwa idhini ya alap, na weka alama inayoonekana wazi ili nazi zake zisichanganywe na za kuliwa. Potasiamu ikisombwa na mvua, sesiamu inapanda tena, na nazi za miti hiyo ndizo zitakazokuonyesha mwaka wa kurudia kumwaga.